Hagari Ukutani kwa Bi Kherunisa

Saa kumi alfajiri. Kifuniko cha birika kiligongagonga juu ya jiko la mkaa, nyuma ya gereji ya Mahona, Kanyenye.

"Picha ya Hagari jangwani," Mahona alisema. "Iko sebuleni kwa Bi Kherunisa. Mjane, anaishi peke yake. Akianza swala hakatizi hata nyumba ikiungua. Doto, pikipiki. Festo, ulimpakia rangi madirisha, tangulia."

"Halafu tumemalizana?"

"Ukiileta, sikujui, hunijui. Rudi kwenu Urambo ukalime tumbaku."

Festo hakutaka kingine. Aachwe tu.

Saa kumi na moja. Mlango wa jikoni ulikuwa wazi. Bibi huufungua mapema ili muuza maziwa asingoje kwenye baridi. Doto akabaki na pikipiki, Mahona na Festo wakaingia.

Picha ikagoma. Skrubu zilishika kutu. Bisibisi ikateleza, ikamchana Festo kidole. Kwa mwanga wa simu Festo aliona milima mikubwa, mbingu nzito, na mama mdogo kama punje chini ya mti mweusi, kiriba kitupu miguuni. Mchoraji alimwaga mwanga wote nyuma yake, juu ya chemchemi. Mama ameipa mgongo. Festo akaudhika naye. Si ageuke tu?

"Kata kitambaa, acha fremu," Mahona alinong'ona. "Unaangalia sinema?"

Chumba cha pili, bibi alifika mwisho wa swala. Akageuza uso kulia, kuelekea mlangoni kwao, akatoa salamu.

Mdomo wa Festo ukajibu wenyewe, kama ulivyolelewa. "Waalaikumu salaam. Shikamoo, bibi."

Mahona akatukana, akachomoka, akakomea mlango kwa nje ili akamatwe mmoja. Festo akausukuma kwa bega. Wapi. Pikipiki ikaunguruma, ikapotea.

Bibi akageuka kushoto kwanza, akamaliza.

"Marahaba, Festo. Mkono unatoka damu."

Akamfunga kidole kwa leso yake.

"Kwa nini mama wa pichani hageuki?" Festo aliuliza kwa hasira, sauti ikikatika. "Maji yako hapo hapo."

"Marehemu mume wangu, Akbar, alikuwa akiniuliza hivyo hivyo. Mimi naona amechoka, mwanangu. Kaa."

Majirani waliosikia kishindo cha mlango walifika na marungu. Bibi akasimama mlangoni.

"Asiguswe. Ni mgeni wangu mpaka polisi waje."

Wakaja, wakamtia pingu. Bibi akamfuata hadi barazani, ushungi ukiburuzika.

"Ukitoka, uje tena unione," alisema. "Uje mchana. Upige hodi."