Kilio cha Kadogo

Kadogo alikuwa na miaka minne na alikuwa hajatamka neno hata moja. Mama yake, fundi cherehani, alishonea barazani. Wateja wakija, alimfungia mtoto chumbani. Mtoto akilia, alipigwa kofi. Akizidi, aliongezwa la pili. Si kwamba hakupendwa. Mama alikuwa amechoka, na aibu nayo ni mzigo.

Alishajaribu kila kitu ili mtoto aseme: leo picha, kesho nyimbo, keshokutwa peremende na vitisho. Mfa maji haachi kutapatapa.

Siku moja alifika mwalimu wa watoto wenye mahitaji maalumu, yule anayepita nyumba kwa nyumba. Aliketi sakafuni na Kadogo kwa muda mrefu. Kisha akauliza, "Dada fundi, cherehani ikiruka mishono unafanyaje?"

"Nabadilisha sindano."

"Ikizidi kuruka?"

"Naangalia uzi."

"Mbona hubadilishi vyote kwa mpigo?"

"We mwalimu nawe! Sasa nitajuaje kibovu kilikuwa kipi?"

Mwalimu alimgeukia Kadogo. Fundi alimtazama mwanawe, akainamisha kichwa.

"Tuanze na picha tu," mwalimu alisema. "Kikombe, mpira, sehemu za mwili. Akikupa picha ya kikombe, mpe maji papo hapo, huku ukisema 'maji'. Kila akifanya hivyo, chora mstari ukutani kwa chaki. Baada ya wiki mbili tutahesabu. Ikisaidia, tunaendelea. Isiposaidia, tunajaribu njia nyingine. Na mlango uache wazi. Mtoto hujifunza akiwa na watu."

Wiki ya kwanza ukuta ulibaki mtupu. Fundi alitaka kukata tamaa. Wiki ya pili ilipata mistari mitatu. Mwalimu alihesabu, akasema waendelee. Wiki ya tatu ilipata tisa.

Asubuhi moja, mbele ya wateja, Kadogo alianza kulia. Mkono wa mama uliinuka wenyewe. Mtoto hakukimbia. Alimpa picha ya sikio.

Fundi aliacha nguo ya watu kwenye cherehani, akambeba mbio hadi zahanati. Daktari alichungulia ndani ya sikio.

"Lina usaha. Limemuuma kwa miezi mingi. Tutalitibu, litapona. Lakini mama, huyu mtoto hakuwa akilia?"

"Alilia, daktari," mama alisema. "Alilia, nami nikampiga."