Jina la Dereva

Saa 3:20 asubuhi. Chumba cha nyuma ya duka la vitenge, Kasulu.

"Rudia," alisema Saady.

Generosa akarudia, mara ya nne. Fomu ya mtandaoni ya kutolea mbolea ghalani aliitengeneza yeye, kabla chama cha wakulima hakijamfukuza. Ukichagua "gari la kukodi", lazima uandike jina la dereva. Ukichagua "gari la chama", kisanduku cha jina kinafifia. Hakiandikiki. Na kilichofifia hakitumwi. Kibali kinatoka bila jina.

"Kwa hiyo mimi simo," alisema Felisiani, dereva. Macho mekundu. Alikuwa barabarani tangu juzi.

"Humo, shemeji." Saady alikuwa amemwoa dada yake. "Magunia mia mbili, unashusha Kumsenga, tunaachana."

Saa 4:05. Felisiani aliondoka na fuso, nembo bandia ya chama mlangoni. Saady akafunga mlango.

"Chagua gari la kukodi. Andika jina lake."

"Umemwahidi, Saady."

"Polisi watataka mtu. Wakimpata yeye, sisi hawatutafuti." Akapandisha shati. Kitako cha bastola kikaonekana. "Andika."

Akaandika: Felisiani Bazilio. Saady akasoma, akageuka kuchukua ufunguo wa pikipiki. Hapo Generosa akabadili: gari la chama. Kisanduku kikafifia, jina likiwa bado ndani, la kijivu. Akatuma. Saady akachungulia tena. Jina akaliona.

"Safi," akasema, akaondoka kwenda Kumsenga.

Saa 4:40. Badru, mlinzi wa ghala, alisoma kibali kwenye simu yake. Gari la chama. Mbolea ya wakulima wa Makere. Akafungua geti.

Saa 5:50. Generosa alimpigia Felisiani.

"Saady aliniamuru niandike jina lako, ukamatwe peke yako. Sikulituma. Liache gari, uende zako."

Felisiani akapunguza mwendo.

"Kamwoa dada yangu," alisema Felisiani.

"Najua, kaka."

"Niende wapi, Generosa? Nimechoka."

Alikuwa anaingia Makere. Akakata kona mpaka ofisi ya kata. Akawaita watu washushe mbolea yao. Kisha akamwambia mtendaji apige simu polisi, akaketi chini kwenye kivuli cha fuso.

Saa 8:15. Saady alichoka kungoja Kumsenga. Akarudi na barabara akilitafuta gari, akaliona Makere, akaingia kasi. Polisi wawili wakatokea nyuma ya fuso. Hakuwahi hata kuigusa bastola.

Generosa, polisi wengine walimkuta Kasulu, mezani, kalaza kichwa juu ya kompyuta. Hakuuliza wamefuata nini.

Makere, walimpandisha Saady kwanza nyuma ya gari la polisi, kisha Felisiani, pingu mikononi.

"Umeniuza, shemeji," alisema Saady.

"Tumeuzana," alisema Felisiani. "Sogea nikae."