Mgongo wa Muuza Mikate

Saa kumi na mbili jioni nilishuka kwenye taxi-bus pale mtaa wa Panda, hapa Likasi, mchoro chini ya kwapa, umefungwa kwa shuka kuukuu. Nilikuwa naupeleka kwa Mama Henriette, mkunga mstaafu anayekaa peke yake kwenye nyumba za zamani za kambi ya wafanyakazi. Ilikuwa kazi ya nusu saa tu. Kufika, kuutundika, kunywa maji, kurudi nyumbani kabla giza halijashika.

Kabla ya kutoka nilikuwa nimeukagua mara tatu. Mara ya tatu kwa tochi ya simu, kidole juu ya turubai, kichwa kwa kichwa. Watu kumi na wanne. Nilimjua kila mmoja.

Hapakuwa na wa kumi na tano.

Jina langu ni Bibiane. Nina miaka kumi na tisa katika uchoraji, na karibu kila nilichochora ni barabara za Lubumbashi. Mimi ni mtu wa Likasi, nimezaliwa hapa. Lakini siku nilipofika Lubumbashi mara ya kwanza, msichana wa miaka ishirini, nilisimama kwenye njia panda moja ya Kamalondo nikashindwa kuondoka. Mafundi wa simu chini ya miavuli yao. Makondakta wananing'inia mlangoni wakiita abiria mpaka sauti inakauka. Mama wa mikate wanapita katikati ya magari, beseni kichwani, kama magari hayapo. Tangu siku hiyo nilikuwa naenda kila mwezi, nakaa kwenye ukingo wa mtaro, nachora kwa penseli, kisha narudi Likasi kupaka rangi.

Kazi haikwenda. Wanunuzi walitaka vinyago na machimbo. "Barabara tunaiona kila siku," walisema. Nilipaka mabango ya saluni na kuta za baa ili nipate rangi za kuchorea nilichokipenda. Wenzangu nilioanza nao walialikwa Ulaya. Mimi nilialikwa kupaka choo cha shule.

Halafu, miaka mitatu iliyopita, mchoro mmoja ukapendwa. Stéphane, mwenye duka la picha Lubumbashi, aliniambia mgeni mmoja alisimama mbele yake saa nzima kabla ya kuununua. Ulikuwa wa muuza mikate anayeonekana kwa nyuma, anaondoka. Amevaa kikwembe, kitenge cha njano. Bega la kushoto limeshuka kidogo. Nikadhani sasa mlango umefunguka.

Kwenye mchoro uliofuata, alikuwemo.

Sikumchora mimi. Nilichora mafundi wa simu, nikalala. Asubuhi alikuwa amesimama nyuma yao, amewapa mgongo, njano ile ile. Nilicheka. Nikasema mkono umezoea. Nikamkwangua kwa kisu na kupaka ukuta juu yake. Siku ya tatu akarudi, palepale.

Familia moja ya hapa Likasi iliniagiza picha ya ubatizo. Akasimama kati ya padri na mtoto. Familia ikakataa kuichukua. Mwishowe Stéphane alinipigia simu.

"Bibiane, bantu banasema kila picha yako iko na muntu anabapatia mugongo. Banaogopa, na banashindwa kusema juu ya nini. Kuya utwae bintu byako."

Niseme ukweli, sikuogopa sana. Nilikasirika. Miaka kumi na sita nimesubiri, nimepata nafasi moja, na mtu nisiyemjua amesimama katikati yake. Nilikwenda kwenye chumba cha maombi. Mchungaji akaniambia kuna mtu wa damu yangu ananiroga. Nikawachunguza wote. Dada yangu Albertine aliwahi kunizawadia brashi, basi nikaamua ni yeye. Miezi saba sikumsalimia.

Na nilikwangua. Kila wiki nilikwangua. Usiku nilikuwa nanoa kile kisu kama muuza nyama. Jumapili kabla ya jioni ile, alipotokea tena kwenye turubai kubwa niliyoihangaikia miezi miwili, niliitoa uani baada ya misa, nikaimwagia mafuta ya taa na kuiwasha. Nilisimama nikiangalia mpaka ile njano ikawa nyeusi. Nilijisikia vizuri.

Mama Henriette alikuja kwangu kabla ya hapo. Alitaka njia panda ya Kamalondo. "Mutoto wangu anaishi kule," alisema. "Nataka nikuwe naangalia njia, fasi anapita." Ndiye mteja pekee niliyekuwa nimebaki naye.

Basi jioni ile nilikuwa natembea kati ya nyumba za kambi. Umeme ulikuwa umekatika. Hewa ilikuwa na ule ukali wa moshi wa kiwanda unaokwaruza koo, tuliouzoea sote.

Halafu moshi ukapotea.

Nikasikia harufu ya mkate. Mkate wa moto, uliotoka tanuruni sasa hivi. Niliangalia huku na huku. Hapakuwa na duka, hapakuwa na jiko. Milango ilikuwa imefungwa.

Nyuma yangu... sapatu. Kwa, kwa, kwa, kwenye kokoto. Nikasimama. Zikasimama. Nikatembea. Zikatembea, taratibu, hatua za mtu aliyebeba kitu kichwani na hataki kianguke.

Sikugeuka. Na mchoro uliokuwa mwepesi nilipotoka nyumbani ulikuwa umeanza kunivuta mkono.

Mama Henriette alifungua kabla sijabisha. Alikuwa na mshumaa. "Ingia, mama. Uko peke yako? Nilisikia mko babili."

Niliuegemeza mchoro kwenye kiti na kuvuta shuka. Akasogeza mshumaa. Alianza kutabasamu, akionyesha kwa kidole, huyu fundi, huyu kondakta. Kidole kikafika upande wa kulia, kikasimama.

Akausogeza mshumaa karibu zaidi.

"Carine," alisema.

Nikasogea. Kwenye pembe ya barabara, mahali ambapo nilikuwa nimepaka vumbi tupu, alikuwepo. Rangi yake ilikuwa bado mbichi. Iling'aa.

"Mama, huyu simujue. Sikumuchora."

"Minye namujua. Njo mutoto wangu. Ule mugongo niliuzaa mwenyewe, niliuogesha, bega yake inashuka tangu alivunjikaka akiwa mudogo." Alinigeukia. "Kama haukumuchora, nani alimuchora?"

Nikamweleza kila kitu. Sijui kwa nini. Labda kwa sababu tangu mambo yaanze, yeye ndiye mtu wa kwanza aliyemtazama yule mwanamke bila kuchukia. Nilipofika kwenye kisu, mkono wake ulishuka na mshumaa ukamwaga nta sakafuni.

"Kisu," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Tangu lini?"

"Miaka mitatu."

Akaketi. Aliongea akiangalia sakafu. Carine alikuwa mgonjwa miaka mitatu. Vidonda vya mgongoni, mistari mirefu, kama kitu kinamparua. Vinapona, vinarudi. Hospitali walisema ni ngozi. Wengine walisema ni mume anampiga, lakini hana mume.

"Na dimanche," alisema. Jumapili ile. "Dimanche alikuwa amekaa ku kanisa. Alianza kulia. Banamama bakamutosha inje. Mugongo yote iliungua, na nguo yake haikuungua."

Nikamsogelea. "Saa ngapi?"

Alichukua simu, akapiga, akaiweka mezani karibu na mshumaa, sauti juu. Iliita sana. Kisha mtu akapokea, akawa anahema tu.

"Carine. Niko na mama mumoja hapa. Anachoraka picha."

Kisha sauti ndogo, ya mtu aliyelala kifudifudi.

"Eko na kalamu?"

Niliinama karibu na simu.

"Namukumbuka," Carine alisema. "Alikuwa anaikala ku mutaro, Kamalondo. Alisema anataka kunichora. Nilimukatalia. Nilimuambia, hapana mama, minye sipende muntu atwae sura yangu. Akasema sawa. Nikaenda." Akahema. "Nilisikia kalamu nyuma yangu. Kwaru, kwaru, kwaru. Nilisikia ku mugongo, si ku masikio. Tangu ile siku, nikilala, nasimama mu chumba ya muntu. Inanuka rangi. Siwezi kugeuka. Na kila mara anakuya na kile kisu."

Nilikumbuka. Si kwamba nilikuwa nimesahau. Nilikuwa nimeiweka mbali. Alinikatalia kwa upole kabisa. Nami nikasema sawa, nikasubiri ageuke, kwa sababu mgongo ule ulikuwa mzuri, na mwanga ulikuwa mzuri, na nilikuwa nimechoka kushindwa. Niliuchora kwa dakika nne.

Miaka mitatu nilimtafuta mlozi. Kumbe kila usiku nilikuwa nalala kwenye kitanda chake, ndani ya ngozi yake.

Mama Henriette alikata simu. Nikasimama kuondoka.

"Ikala," alisema. Hakupandisha sauti. "Ukitoka hapa utaenda kufanya nini tena? Ikala fasi naweza kukuona."

Nikakaa. Tulikaa hivyo mpaka mshumaa ukaisha, mimi, yeye, na yule pembeni ya barabara ambaye hakuna aliyethubutu kumgusa. Mchoro ule uko kwake hadi leo. Ameutundika juu ya kitanda. Anaufuta vumbi kwa pamba.

Nilikwenda kumwomba msamaha Albertine. Alinisikiliza mlangoni, mikono imejaa unga, kisha akaniuliza kama nimekula. Nikaweka kisu na brashi zote kwenye sanduku, nikalifunga. Sijachora tangu siku hiyo. Watu wanauliza kazi inaendeleaje. Nasema nimepumzika.

Wiki mbili baadaye nilikwenda Lubumbashi, mchana, kumtembelea Carine. Nilitaka aniseme, anipige, chochote. Alinikaribisha. Ni mwanamke wa miaka thelathini na mbili, uso mpana, macho yenye usingizi. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuuangalia uso wake kwa kweli. Alikuwa amekaa wima, hajaegemea kiti.

"Inaanza kupona," alisema. "Na mu nyumba yako siko tena. Tangu umeacha, sirudi kule."

Nilianza kulia. Nikasema Mungu asifiwe.

"Ngoja," alisema. "Niko ingine fasi."

Alinieleza polepole, kama mtu anayeeleza njia. Kila usiku anasimama kwenye nyumba ya mbali, yenye baridi. Zamani walikuwepo watu, walikuwa wanaongea maneno asiyoyajua. Walizima taa, walifunga madirisha, wakaenda. Hawajarudi. Ameangikwa ukutani, anaangalia ukuta mwingine.

Nilielewa. Mchoro wa kwanza. Ule uliopendwa.

Nilitoka pale mbio mpaka kwa Stéphane. Alinitafutia jina la yule mgeni kwenye makaratasi yake, kisha namba. Namba haiiti. Aliandika barua pepe, na mimi nimeandika kwa Kifaransa changu kibovu, mara nane sasa. Namwambia yule bwana aushushe mchoro, auweke pakavu, asiutupe, asiukwangue, asiuchome, aniandikie tu. Nani atajibu barua ya namna hiyo? Hata mimi nisingejibu.

Niliporudi kumuaga Carine jioni, nilimuuliza kwa nini baridi inamtesa hivyo, maana chumba chake kilikuwa na joto na alikuwa amejifunika vikwembe viwili.

"Si baridi," alisema. "Iko maji. Inatoka juu, ku plafon ya ile nyumba, inashuka ku mur, ukuta ile yangu, pole pole. Mbele, siku za kwanza, ilikuwa mbali."

Nikaweka mkono kwenye bega lake, lile la kushoto, nimtulize.

Kikwembe kilikuwa kimelowa.