Mdundo Ulioachwa Njiani

Nyumba ya Shaib ilianza kunuka karafuu mbichi siku ya Jumatatu, wakati wa adhuhuri, na ndani ya nyumba ile hapakuwa na hata punje moja ya karafuu. Mkewe Samira alikuwa amepika wali na mchuzi wa papa, vyakula ambavyo havijifichi kwenye pua ya mtu. Lakini harufu iliyotoka chumbani ilikuwa ya karafuu zilizochumwa na kutandazwa juani, kama wanavyozianika Pemba, kwao Samira. Shaib akanusa, akachungulia chini ya kitanda, akafungua sanduku la nguo, hakuona kitu. Akarudi kwenye gitaa lake. Alikuwa na hasira zake nyingine, na mtu mwenye hasira hana nafasi ya kufuata harufu.

Hasira zenyewe zilikuwa za miaka. Shaib alianza kazi akiwa mpiga dumbaki wa kikundi kimoja cha taarabu mjini Tanga, tena mpigaji hasa, mpaka kikundi kilipopata kinanda chenye ngoma ndani yake, ukikibonyeza kinajigonga chenyewe. Wakamwambia asante, kwaheri. Kwa ukaidi akashika gitaa kavu, lile lisilotaka umeme, akaamua kuwa ngoma aliyonyang'anywa ataitia humo humo. Kidole gumba kilipiga besi kwenye nyuzi nene, vidole vingine vikavuta wimbo, na katikati ya hayo kiganja kikaanguka juu ya tumbo la gitaa, ncha za vidole zikagonga ubavuni, kucha zikakwaruza ubao kama mtu anayekuna nazi. Ukifumba macho ungeapa kuna watu watatu. Ukifumbua unamwona Shaib peke yake, jasho linamtiririka, na gitaa lililochubuka ubavu mzima.

Sasa nani alimwelewa? Hakuna. Kwenye harusi za Pongwe, alikokuwa akiishi, wenye shughuli walimwuliza, "Kaka, hilo ni gitaa au mlango? Mbona unabisha hodi?" Hoteli za ufukweni zilimtaka apige nyimbo laini ili wageni wale kwa utulivu. Fundi wa Ngamiani aliyekuwa akimgundishia mbao zilizopasuka alichoka, akamshauri akatafute debe. Mtu ana kipaji kinachomwasha mikononi, na mji mzima unamwambia ajikune taratibu. Inaudhi, na ilimuudhi mpaka akawa hapendi hata kusalimiwa.

Aliyempa tumaini alikuwa Edgar, mwandaaji wa maonyesho ya muziki mjini, ambaye wazazi wake waliletwa pwani na kazi za mashamba ya mkonge.

"Kaka, mikono unayo," Edgar alimwambia. "Ulichokosa ni mdundo wako mwenyewe. Nipe kitu kifupi, cha kwenye simu, kile ambacho mtu akikisikia mara moja hakimtoki. Ukinipa hicho, jukwaa la tamasha ni lako."

Shaib akautafuta mdundo huo kila mahali, na mwisho akaupata nyumbani kwake, kwenye sinia la mchele. Samira alikuwa na mazoea, kila akichambua mchele, ya kugonga ukingo wa sinia kwa vidole. Hakujijua. Mdundo ulianza kwa kunyata, ukapinda, halafu ukakimbia mbio ambazo Shaib, pamoja na ujuzi wake wote wa dumbaki, hakuwahi kuzisikia. Akaruka kutoka mkekani.

"Rudia hapo!"

"Hapo wapi?"

"Hapo ulipokuwa ukigonga."

Samira akaitazama mikono yake kama ya mtu mwingine. "Sigongi kitu mie. Nachambua mchele."

Basi Shaib akawa anamvizia. Mdundo ukifika pale unapokimbia, husema moyoni, "Nimeshaupata," akakimbilia gitaa kabla haujamponyoka. Hakukaa hata mara moja kuusikiliza hadi unakokwenda. Kwa nini akae? Edgar alitaka kitu kifupi. Akachukua mwanzo, akachukua zile mbio, akaunganisha mbio na mwanzo tena, ukawa unazunguka kama mbwa anayefukuza mkia wake. Akajirekodi, Edgar akaurusha mtandaoni, na ndani ya muda mfupi bodaboda wa Pongwe walikuwa wakiupigia honi. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake Shaib alisalimiwa na watu wasiomjua, na aliwaitikia wote, ijapokuwa hasira za miaka hazikumtoka.

Ndipo ikaja Jumatatu ya karafuu. Shaib alikuwa akiupiga mdundo ule kwa ajili ya tamasha. Aliponyamazisha nyuzi apanguse jasho, akasikia kupitia dirishani miguu ikikanyaga saruji ya uani, kwa mdundo ule ule, bila ya gitaa. Akatoka. Samira alikuwa amesimama katikati ya jua, peku, juu ya saruji ambayo saa ile ingeweza kumbabua mtu, mabega yakimpanda na kumshuka.

"Samira, ingia ndani. Utaungua."

Akageuka. Macho yalikuwa yake, lakini aliyekuwa akitazama kwa macho hayo hakuwa yeye.

"Mbona umeacha?" aliuliza, kwa sauti nzito ya mzee wa shamba. Kisha akaanguka.

Alipozinduka hakukumbuka lolote, akalalamika tu kwamba nyayo zinamuuma. Shaib akasema ni jua. Nani asiyejua jua la Tanga? Kesho yake akapiga tena, Samira akasimama tena, na safari hii alikawia zaidi kuanguka. Hapo ndipo mwanamume mwenye akili angeweka gitaa chini. Shaib alisogea tu akapigie nyuma ya nyumba, maana tamasha lilikuwa Jumamosi, na hakuwa tayari kurudi kuambiwa anabisha hodi.

Ikafika siku ambayo hakuligusa gitaa kabisa. Walikuwa wakila mchana, Samira akiwa mzima, akimcheka kwa namna anavyochambua mifupa ya samaki, mara simu ya jirani upande wa pili wa ukuta ikaanza kuupiga ule mdundo, na Samira akaacha kucheka kinywa kikiwa bado wazi, tonge likamtoka mkononi, harufu ya karafuu ikapanda kutoka sakafuni, ikaingia kwenye wali, ikaingia kwenye maji ya kunywa, ikamkaba Shaib kooni mpaka akakohoa, naye Samira akainuka taratibu bila ya kuegemea kitu chochote, akaenda kusimama palepale uani, na simu ya jirani ikanyamaza na yeye asianguke, alasiri ikaadhiniwa na yeye asianguke, mabega yakipanda na kushuka, na kila Shaib alipomshika mkono alihisi chini ya ngozi ya mkewe ule mdundo ukikimbia, ukikatika, ukianza upya, ukikimbia, ukikatika.

Akampigia simu Ame, kaka wa Samira, aliyeko Pemba. Ame alimsikiliza hadi mwisho.

"Yakhe, tusamehe," alinong'ona. "Bibi yetu alikuwa na jini. Alipokuwa akifa akamrithisha Samira. Wazee walimtuliza kabla ya harusi, tukaona hakuna haja ya kukutia hofu."

"Mmenioza mtu mmoja, kumbe wako wawili!"

"Usipige kelele, atakusikia. Huko kwenu Tanga, kijijini Moa, kuna Bi Hafsa, fundi wa majini wa Kipemba. Anamjua huyo. Mfuate sasa hivi, usingoje."

Shaib akatuma bodaboda wa kumleta. Bi Hafsa alifika kabla ya magharibi, mwanamke mfupi, mkavu, mwenye ngoma ndogo aliyoifunga kwa kanga. Shaib akamwamkia shikamoo. Macho yake yalikuwa kwa Samira. Akamvuta taratibu hadi chumbani, akamketisha mkekani, akafukiza ubani, akaanza kupiga ngoma yake. Samira alisikiliza kidogo, kisha ile sauti ya mzee ikacheka.

"Hafsa, ngoma hiyo ya n'ni? Mie sikuitwa kwa ngoma. Nimeitwa kwa nyuzi."

Bi Hafsa akaweka ngoma chini. "Wataka n'ni, mkubwa?"

"Nataka kukaa!" Sauti ilipasuka, na ndani yake Shaib alisikia kitu alichokifahamu vizuri, hasira ya mtu aliyedharauliwa muda mrefu. "Yule kila siku huniinua, hanikalishi. Huniita, nakuja, ananikata njiani. Hapa nimesimama, na kule nimesimama. Nimechoka kusimama!"

Bi Hafsa akamgeukia Shaib. "Mmalizie."

"Nimmalizie nini, mama?"

"Mdundo wake. Umeuanza kwa gitaa, umalize kwa gitaa. Kila jini ana kupanda kwake na kuteremka kwake."

Shaib akalitazama gitaa lake. "Mwisho wake siujui."

"Ulianzaje kitu usichojua mwisho wake?"

Shaib akashika gitaa, akajaribu. Alipiga mbio zile, akabahatisha mwisho mmoja, Samira akatetemeka meno yakagongana. Akabahatisha mwingine, damu nyembamba ikamtoka Samira puani. Ujuzi wake wote, miaka yote ile ya kujiona kuwa mji haumfai, haukumsaidia kitu. Akalia kwa hasira, akijilaani, kwa sababu mwisho ule ulikuwa ukipigwa mbele yake kila siku ya Mungu, naye ndiye aliyekuwa akiukimbia.

"Acha, utamuua," Bi Hafsa alinong'ona. "Bibi yake hakumwachia mwingine mwisho huu. Uko mikononi mwa mkeo tu. Mpe gitaa."

Shaib akampakatisha Samira gitaa. Mkewe hakuwahi kulishika hata kwa kulifuta vumbi. Vidole vyake vikapapasa ubao, vikapata ubavu, vikaanza kunyata.

"Weye ziba masikio," Bi Hafsa akamwamuru.

"Lakini mama, nikiusikia ndio nitaujua!"

"Ukiusikia utautia kwenye simu. Ulipotakiwa kusikiliza hukusikiliza. Ziba!"

Akaziba. Akaona tu mikono ya Samira ikienda mbio, ikipunguza, ikifanya jambo ambalo hakuliona vyema kwa machozi, hadi kiganja kikalala kimya juu ya tumbo la gitaa. Samira akashusha pumzi. Mabega yakatulia. Akamtazama mumewe, na aliyekuwa akitazama alikuwa yeye.

"Shaib, una n'ni? Mbona walia? Nipe maji."

Shaib alimkumbatia mbele ya Bi Hafsa bila ya haya. Alifurahi mno, furaha ambayo hakuna harusi wala hoteli iliyowahi kumpa. Alipomsindikiza Bi Hafsa hadi kwenye pikipiki, mama yule alimshika kifundo cha mkono.

"Nisikilize vizuri. Mara hii ameteremka kwa sababu alikuwa juu ya kiti chake mwenyewe, mwili aliorithishwa. Mkeo asiupige tena mwisho ule, hata kwa mchezo, na zaidi asiupige kumteremshia mtu mwingine. Akifanya hivyo jini atamhamia yeye moja kwa moja, asitoke tena, wala mie sitakuwa na la kufanya."

"Mtu mwingine yupi, mama?"

Bi Hafsa akapanda pikipiki, akaondoka.

Shaib akampigia Edgar siku ileile: tamasha hataki, na ule mdundo uondolewe mtandaoni.

"Kaka, umerogwa?" Edgar alishangaa. "Haya, wa kwangu naufuta. Lakini wa watu nitaufutaje? Wameshauchukua, wanauchezea. Kuna wanawake huko wanaucheza, kaka, usiombe! Wanasimama juani, mabega tu."

Shaib alikata simu. Hakumwambia Samira. Akaliuza gitaa, akaanza kumsaidia rafiki yake kwenye duka la rangi, na jioni aliwahi kurudi nyumbani. Karafuu hazikunuka tena. Samira alinenepa kidogo, akawa anacheka kama zamani, na siku moja ya Ijumaa baada ya swala walikuwa wameketi barazani wakinywa chai, yeye akishona ukosi wa kanzu ya mumewe, simu ya Shaib ilipoita. Namba ilikuwa ngeni.

"Samahani, ndugu, nimepewa namba hii na bwana Edgar." Sauti ya mwanamume, ya chini, kama ya mtu aliyejificha mahali. "Naitwa Manase, niko huku Amani, milimani. Wewe ndiye mpiga gitaa?"

"Nilikuwa."

"Mke wangu, Consolata, amesimama uani. Sisi ni Walutheri, ndugu yangu, mambo haya hatuyajui. Mchungaji amekuja ameomba, ameshindwa. Hali, hanywi, nyayo zimembabuka. Anasema anakungoja wewe umalizie mdundo. Nakusihi kwa jina la Mungu, mmalizie."

Nyuma ya maneno ya Manase, mbali kidogo, ikasikika sauti nzito ya mzee wa shamba: "Mwambie nimechoka kusimama."

Shaib akamtazama Samira. Alikuwa ameinamisha kichwa, anakata uzi kwa meno, na mikono yake, mikono pekee duniani iliyoujua mwisho ule, ilikuwa imetulia juu ya kanzu.

"Umekosea namba," Shaib akasema, akakata.

"Nani huyo?" Samira aliuliza.

"Amekosea namba."

Kabla hajaiweka simu chini ikaita tena. Namba nyingine, ngeni vilevile. Ikakatika, ikaita ya tatu, na huyu alikuwa anapiga kutoka ng'ambo ya mpaka. Shaib aliishika simu kwa mikono miwili, wala hakuweza kuipokea, wala hakuweza kuizima.

Samira akamsukuma bega kwa upole, akitabasamu.

"Pokea basi, mume wangu. Huenda ni kazi."