Stebo Si Kupona

Kila asubuhi mke wa fundi rangi alikuwa na kazi mbili kabla ya chai. Ya kwanza ni kutafuta brashi ambazo mumewe alizitupa anakojua mwenyewe. Ya pili ni kumkumbusha kumeza dawa ya presha. Brashi zilipatikana. Dawa ilikuwa vita.

Siku moja mume alirudi kutoka kliniki akiwa na furaha tele. Muuguzi alikuwa amempima presha na kumwambia neno la Kiingereza: stebo. Hakungoja kusikia zaidi. Alitupa mfuko wa dawa juu ya kabati, nyuma ya makopo ya rangi, akatangaza kwamba amepona.

Tangu hapo nyumba haikukalika. Akiambiwa apunguze chumvi, yeye ni stebo. Akilalamika kichwa kinauma, akiulizwa dawa iko wapi, yeye ni stebo. Majirani wakamwita Bwana Stebo, naye akaitika kwa raha zake. Mkewe alisema mchana, akasema jioni, akanuna, akasema tena. Maneno yaliingia sikio hili yakatokea lile. Mtu mzima, watoto wanamtegemea, na kichwa kigumu namna hiyo.

Kazini walikuwa pamoja. Mume alipaka rangi, mke alichanganya rangi na kushika ngazi. Siku hiyo walikuwa wanapaka ukuta wa duka. Mume alikuwa juu kabisa, karibu na paa, mara brashi ikasimama.

"Shika vizuri," alisema kwa sauti ndogo. "Naona kizunguzungu."

Alishuka polepole, akaketi juu ya ndoo, jasho likimtoka. Mke alipandisha macho kule mumewe alikokuwa amesimama, akayashusha mpaka sakafu ya saruji. Aliogopa sana, na hofu yake ikatoka kama hasira. Alimfokea njia nzima mpaka kliniki.

Muuguzi alimpumzisha kwanza, akampima, akampima tena. Presha ilikuwa imepanda sana. Akauliza kama dawa inaliwa. Fundi akatazama dirisha.

"Ameacha," mke alisema. "Anasema wewe mwenyewe ulimwambia amepona."

Muuguzi alishusha pumzi. Ilionekana si mara yake ya kwanza kusikia hayo.

"Baba, nilikwambia uko stebo. Sikusema umepona."

"Kwani si kitu kimoja?"

"Si kitu kimoja. Stebo ni kutulia. Meza isiyoyumba ni stebo. Bei isiyopanda wala kushuka ni stebo. Hata mgonjwa aliye hoi kitandani tunaweza kusema yuko stebo. Maana yake hazidi kuwa mbaya, lakini bado anaumwa. Presha yako ilitulia kwa sababu dawa ilikuwa inaishikilia. Umeacha dawa, imepanda."

"Lakini nilikuwa sisikii kitu."

"Presha inaweza kupanda na usisikie kitu. Ndiyo maana tunapima."

Fundi alikunja uso. Hakuwa ameridhika, na mkewe alimjua. Alivuta kiti akamgeukia.

"Baba watoto, ukiwa juu ya ngazi huwa unaniuliza, imetulia? Nami nakujibu, imetulia. Sasa nikishakujibu hivyo, niiachie niende zangu sokoni?"

"Thubutu," fundi alisema haraka.

Akatazama mikono yake yenye rangi.

Daktari alimwona siku hiyohiyo, akamrudishia dawa na kumwonya asiache wala asipunguze bila kuuliza kwanza. Walipofika mlangoni fundi akageuka. Alitaka kujua kama zile dawa zote alizoruka azimeze leo kwa pamoja, amalize deni. Mke alifumba macho. Muuguzi akaeleza kwa subira kwamba ni hatari. Dawa iliyorukwa hailipwi kwa kumeza nyingi. Atameza kama alivyoandikiwa, basi.

Dawa zikahamia karibu na kikombe chake cha chai. Chumvi ikapungua. Fundi alilalamika kwamba chakula kimepooza, kwamba kidonge kinamkwama kooni, kwamba anasimamiwa kama mtoto. Lakini alimeza kila siku. Mke alivumilia kelele, maana maumivu ya kichwa yalipungua na kizunguzungu hakikurudi.

Siku ya kupimwa ilipofika, muuguzi alisoma kipimo, akatabasamu.

"Stebo," alisema.

Mke akajiweka sawa. Alikuwa ameyapanga maneno yake tangu nyumbani, makali, ya kutosha. Lakini mumewe alimtangulia.

"Kwa hiyo dawa naendelea nayo vilevile, sivyo?"

Muuguzi akaitikia kwa kichwa. Mke akabaki na maneno yake, hana wa kumgombeza. Machozi yakamlengalenga, na hilo nalo likamkera.