Milisekunde Kumi

Saa nne asubuhi lifti ya hospitali ilifurika watu, na mwandishi wa programu, shati la bluu limemganda mgongoni kwa jasho, akamkanyaga muuguzi mguu.

"Samahani, sista."

"Nitapona. Wewe unaumwa wapi?"

"Siumwi. Nimekuja kuwafungia kompyuta za pampu za dawa."

"Basi pole. Mashine za hapa zinahitaji subira kuliko wagonjwa."

Miezi mitatu baadaye, kazi ilipokamilika, walikuwa wakiitana mpenzi, na mama yake muuguzi ameshaanza kumwita mkwe.

Ndani ya programu ile kila pampu ilikuwa na uzi wake, yaani kijikazi kinachojiendesha chenyewe, unaoamka kila milisekunde moja, sehemu ya elfu ya sekunde, kusukuma dawa kidogo. Mwandishi aliijaribu kwenye Yuniksi, mfumo unaoendesha kompyuta ya ofisini kwake, ikaenda sawa. Kompyuta za wodini zilikuwa na Yuniksi ya aina nyingine. Hakuijaribu huko. Zote ni ndugu, alijisemea.

Jumanne mchana muuguzi akapiga simu.

"Dia, dawa ya kitanda cha nne inachelewa. Nimeipima mara mbili."

"Kwa saa ya mkononi? Mpenzi, umekosea hesabu tu."

"Haya."

Muuguzi akaandika alichoona kwenye fomu, akamwita daktari. Daktari alifika bibi wa kitanda cha nne ameshafariki. Programu ikadhaniwa haina kosa, muuguzi akasimamishwa kazi kwa uzembe.

"Umenichongea kwenye ile fomu," mwandishi alimwambia kwa simu.

"Nimeandika ukweli." Akakata simu.

Wiki nzima mwandishi alijitetea moyoni. Siku ya nane akaenda kuijaribu kompyuta ya wodini. Nyuzi zilizoomba kuamka baada ya milisekunde moja ziliamka baada ya kumi; mfumo ule haukuweza kupima muda mfupi kuliko huo, kwa hiyo bibi alipata sehemu moja tu ya kumi ya dawa yake.

Akajipeleka mwenyewe mbele ya kamati ya hospitali iliyochunguza kifo kile, watoto wa marehemu wakimtazama. "Kosa ni langu. Sista aliniambia, nikamdharau."

Muuguzi, aliyevaa gauni jeusi, alimsubiri kwenye ngazi.

"Wamenirudisha kazini. Na wewe?"

"Wamenifukuza. Huenda nikashtakiwa. Mwezi huu nilitaka kuja kwenu rasmi."

"Najua. Mama alishanunua kitambaa."

"Nisamehe."

"Mimi nimekusamehe. Ila usije nyumbani tena."

Akamnyooshea kola ya shati, taratibu, kisha akapanda kwenda wodini, ambako pampu zilikuwa zimezimwa na wauguzi wakihesabu matone kwa macho.