Darubini ya Marehemu

Gari lilikuwa katikati ya korongo maji yalipolijia ubavuni. Hayakupanda taratibu kama maji yenye adabu. Yalikuja ukuta mzima, yamebeba magogo na tope, yakalisukuma gari na kulilaza chali. Askari wa wanyamapori, mjane ambaye kazini walimwita Kimya, alijichomoa dirishani na bunduki yake begani. Nyuma yake alitoka dereva, mdogo wa marehemu mumewe, akiwa amevunjika mguu chini ya goti. Kimya alimkamata ukosi wa shati akamkokota hadi kilimani, wakaanguka wote wawili wakitapika tope.

Alipoinua kichwa, aliona kwamba kilima kimegeuka kisiwa. Redio ya upepo ilikuwa imekwenda na gari. Walibaki na chupa moja ya maji, kisu, na risasi zilizokuwamo ndani ya bunduki. Kimya alikata matawi, akachana mikono ya shati lake, akaufunga mguu wa shemeji yake kabla haujavimba.

"Unavisikia vidole?" alimuuliza.

"Navisikia. Heri nisingevisikia."

Hayo yalikuwa maneno mengi kuliko yote waliyosemezana tangu mazishi. Nyumba za wafanyakazi zilipangana, mlango wa shemeji ukiwa wa tatu kutoka kwake, lakini walikuwa wakisalimiana kwa kuinua mkono tu. Si kwamba waligombana. Tatizo lilikuwa sauti. Shemeji alikuwa na sauti ya kaka yake, ileile, hata kukohoa kwake, na Kimya alikuwa hawezi kuisikia bila kutazama mlangoni. Basi akajifungia na upweke wake, na jioni alikaa barazani akitazama barabara tupu kwa darubini ya bunduki ya marehemu.

Darubini hiyohiyo ndiyo iliyokuwa juu ya bunduki sasa. Alipopewa bunduki mpya yenye reli juu yake, ule ukanda wa chuma wenye mikato ya kushikizia darubini, alikataa darubini ya kazini, akaenda dukani kutafuta pete za kuifungia ile ya mumewe. Muuzaji alimuuliza reli yake ni ya aina gani. Akajibu kwamba reli ni reli. Alichojali ni pete zilikumbatie bomba la darubini, na kweli zililikumbatia vizuri ajabu, akalipa akaondoka na furaha yake. Huko nyumbani ndiko alikogundua kwamba mikato ya reli ni mipana na vipingo vya chini ya pete ni vyembamba, vinacheza ndani yake. Angeweza kurudi kubadilisha. Badala yake alikata bati la kopo, akalipachika pembeni, akakaza skrubu hadi mkono ukauma. Mapenzi yana ukaidi wake, na wa Kimya ulikuwa wa kukaza skrubu.

Jua lilikuwa limeanza kuinama waliposikia mkoromo upande wa pili wa kilima. Alikuwa nyati, dume, yuleyule waliyetumwa kumtafuta, waya wa mtego umemzama shingoni na kidonda kimeoza. Mafuriko yalikuwa yamemfungia nao. Nyati mzima hukwepa watu, lakini huyu maumivu yalikuwa yameshampa adui, na adui ni yeyote aliye mbele yake. Alisimama akiwatazama, akitikisa kichwa.

"Mimi sikimbii," shemeji alisema. "Kama unaweza kuogelea, ogelea."

Kimya alipiga goti mbele yake, akamweka nyati katikati ya msalaba wa darubini, kwenye bega, akafyatua. Tope liliruka mbali kabisa na mnyama. Akafyatua tena. Safari hii risasi ilichubua pembe, na nyati akarudi vichakani akiunguruma, hasira zimeongezeka. Kimya aliigusa darubini. Ilisogea chini ya vidole vyake. Lile bati lilikuwa limechomoka, pengine huko majini, na kila bunduki ilipopiga teke darubini ilihama. Akafungua chemba, akaona risasi moja.

Alitoa kisu akaanza kukaza.

"Itoe," shemeji alisema.

"Nitaikaza."

"Utaikaza na nini? Zile pete si za reli hii. Itoe, shemeji. Kaka hayumo humo."

Alisema kwa sauti ileile, na Kimya alitaka kumkasirikia lakini hasira haikuja. Yalikuja machozi. Alilia waziwazi, kama mtoto, huku ncha ya kisu ikizungusha skrubu kuelekea upande wa kulegeza. Pete ya kwanza ilitoka, kisha ya pili. Darubini akailaza kwenye nyasi.

Bunduki ile haikuwa na kilengeo kingine. Ilibaki reli tupu ya kulaza jicho juu yake, na hiyo haifai ila kwa karibu sana.

"Karibu kiasi gani?" aliuliza.

"Mpaka unisikie naanza kutubu."

Nyati alitoka vichakani pua imeinuka. Alikuja kwa mbio, ardhi ikitetemeka magotini mwa Kimya. Kimya alingoja. Aliona waya, aliona nzi kidondani, akasikia nyuma yake shemeji akianza kumwomba Mungu msamaha wa mambo ambayo mke wa kaka hapaswi kuyasikia. Nyati akainamisha kichwa. Kimya akafyatua juu ya macho yale, na mnyama akaporomoka, akateleza topeni hadi pembe yake ikagusa kiatu chake.

Usiku ule homa ilimpanda shemeji, na Kimya alijua kwamba mgonjwa akinyamaza atazirai. Akamnywesha maji kwa kizibo, akamwambia asimulie chochote. Shemeji akasimulia utoto wake na kaka yake, jinsi walivyoiba baiskeli ya baba na kuirudisha bila gurudumu. Kimya alicheka. Alisikiliza sauti ile hadi kulipokucha, na kila ilipofifia alimtikisa bega akadai zaidi.

Boti ya waokoaji ilifika asubuhi. Darubini ilisahaulika kilimani. Kimya aliikumbuka walipokuwa wamefika mbali, akageuka kutazama, kisha akaendelea kuushikilia mguu wa mgonjwa usigongwe.

Zahanati ilikuwa imejaa watu wa mafuriko. Muuguzi alisukuma kitanda cha shemeji hadi kwenye mlango wa chumba cha upasuaji, akasimama, akauliza kwa sauti ukumbi mzima usikie kama kijana huyu ana ndugu yeyote hapa.

Kimya alisimama, tope limemkaukia hadi usoni.

"Anaye," alisema. "Ni mdogo wangu."